Foulois na siku kumi za 1934: lawama ipi ni yake?

Tarehe 9 Februari 1934, Meja Jenerali Benjamin Foulois, mkuu wa kikosi cha anga cha Jeshi la Marekani, aliitwa kwenye ofisi za Posta mjini Washington. Aliyemwita alikuwa Harllee Branch, mmoja wa wasaidizi wa Waziri wa Posta, na alikuwa na jambo moja la kuuliza. Serikali ilikuwa na ushahidi kwamba mikataba ya kusafirisha barua kwa ndege iligawanywa kwa upendeleo wakati wa utawala uliopita. Rais Roosevelt akiifuta, jeshi litahitaji muda gani kuanza kuzibeba barua hizo? Foulois akajibu kwamba wiki moja hadi siku kumi zingetosha. Siku hiyo hiyo mikataba ikafutwa.

Jeshi lilipangiwa kuanza tarehe 19. Tarehe 16, kabla hata ya barua ya kwanza kubebwa, maafisa watatu walikwisha kufa wakijizoesha njia za milimani kule Utah na Idaho. Kazi ilipokoma mwanzoni mwa Juni, hesabu ilikuwa ajali kubwa 66 na vifo 12 au 13, kutegemea nani anahesabiwa. Eddie Rickenbacker, shujaa wa vita vya 1918 ambaye wakati huo alikuwa na kazi kwenye biashara ya ndege, aliyaita mauaji yaliyohalalishwa.

Kwa watu wengi, habari za Foulois zinaanzia na kuishia hapo. Vitabu vya historia ya anga vina Billy Mitchell, afisa mwenzake wa anga na mtu wa mikutano na waandishi wa habari, aliyezamisha manowari ya Ostfriesland 1921 na kushtakiwa jeshini 1925. Halafu vina Foulois, yule aliyeua marubani kwa ajili ya barua. Picha hiyo ya pili ina kosa. Siku kumi zilikuwa jibu baya, na nitaeleza kwa nini lilikuwa baya kuliko hata wengi wanavyosema. Lakini mtu anayetaka kujua jibu lile lilitoka wapi hana budi kurudi nyuma miaka ishirini na mitano, kwa sababu Foulois alikuwa amekwisha kupewa kazi za namna hiyo mara mbili, na mara zote mbili alizitekeleza.

Alizaliwa 1879, mtoto wa fundi bomba katika mji mdogo wa Connecticut. Vita vya Marekani na Hispania vilipoanza 1898 alijiandikisha jeshini kwa kutumia cheti cha kuzaliwa cha kaka yake, kwa kuwa yeye umri ulikuwa unampinga. Hakupita chuo cha maafisa wa jeshi cha West Point. Alipanda kutoka askari wa kawaida hadi afisa akiwa Ufilipino. Jambo hili si dogo: katika jeshi lile, waliosoma West Point walijuana, na asiyekuwa mmoja wao alijenga jina kwa kutokataa kazi.

Mwaka 1908 alihamishiwa Kikosi cha Mawasiliano, ambacho ndicho kilichokuwa na dhamana ya vyombo vya angani. Akaendesha puto la kwanza la jeshi lenye injini, kisha akawaambia wakubwa wake waziwazi kwamba puto lile halina maisha marefu kivita. Tarehe 30 Julai 1909 alipanda kama abiria wa Orville Wright katika jaribio la mwisho la kuipokea ndege ya kwanza ya jeshi, kutoka Fort Myer hadi Alexandria na kurudi, jumla ya maili 10. Mkataba ulitaka mwendo wa maili 40 kwa saa, na kila maili kamili iliyozidi ililipiwa nyongeza ya asilimia 10. Ndege ikapata maili 42 na nusu, na akina Wright wakalipwa dola 30,000 badala ya 25,000. Foulois alichaguliwa kwa sababu mbili: alijua kusoma ramani, na alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa kubebwa na injini ile.

Wilbur Wright alifundisha maafisa wengine wawili, Lahm na Humphreys. Foulois alipata masaa machache tu ya mafunzo na hakuwahi kuruka peke yake. Lakini wenzake wakarudishwa vikosini kwao, yeye akabaki na ndege pekee ya jeshi la Marekani. Akaagizwa aipeleke Fort Sam Houston, Texas, achukue vipuri vya kutosha, ajifundishe mwenyewe.

Tarehe 2 Machi 1910 akaruka mara nne. Siku hiyo moja ilikuwa na kuruka kwake kwa kwanza peke yake, kutua kwake kwa kwanza, na ajali yake ya kwanza. Ndege haikuwa na magurudumu. Ilikaa juu ya reli moja, kisha uzito ulidondoshwa kutoka kwenye mnara na kamba ikaivuta mpaka ishike upepo. Siku chache baadaye upepo mkali ulikaribia kumrusha nje ya kiti, naye akaenda kwa fundi wa matandiko ya farasi akatengenezewa mkanda wa ngozi wa kujifunga. Kila alipokosea aliwaandikia akina Wright kueleza ndege ilifanya nini, kisha akasubiri barua yenye jibu. Fedha alizopewa za mafuta na matengenezo zilikuwa dola 150, naye akatoa zaidi ya dola 300 mfukoni mwake. Baadaye kidogo, yeye na fundi Oliver Simmons wakaifungia magurudumu, na habari za reli na mnara zikaisha.

Machi 1911, akiwa na rubani Philip Parmelee katika ndege ya kuazimwa kwa tajiri Robert Collier, aliruka kilomita 170 kutoka Laredo hadi Eagle Pass, kando ya mpaka wa Mexico, kwa saa mbili na dakika kumi. Wakati wa kurudi wakatumbukia mtoni Rio Grande. Mwezi huo huo Bunge likatenga fedha za kwanza kabisa kwa ajili ya ndege za jeshi, dola 125,000. Siwezi kudai kwamba kazi ya Texas peke yake ndiyo iliyofungua mkoba, lakini bila ndege ile moja kuonekana ikifanya kazi, hoja ya fedha ingesimama juu ya nini?

Kazi ya pili ilikuwa Mexico, na hiyo inastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu wanaozungumzia 1934 huipita mbio.

Pancho Villa, kiongozi wa wapiganaji wa Mexico, alishambulia mji wa Columbus, New Mexico, tarehe 9 Machi 1916. Jenerali Pershing akatumwa kumfukuza. Foulois, sasa kapteni, alikuwa kamanda wa Kikosi cha Kwanza cha Ndege, akaingia na ndege 8 aina ya Curtiss JN-3. Hizo ndizo zilizokuwa nguvu zote za anga za Marekani zilizoweza kwenda vitani. Injini zake zilikuwa za nguvu farasi 90, zilizopimwa usawa wa bahari. Injini ya aina hiyo, isiyo na kisukuma hewa, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Casas Grandes, walikopelekwa, iko karibu mita 1,500: rubani akiwa bado ardhini amekwisha kubaki na nguvu farasi 76 au hivi. Milima ya Sierra Madre waliyotakiwa kuivuka ina vilele vya zaidi ya mita 3,000, na huko injini ina 63 tu, huku mikondo ya hewa inayoshuka bondeni ikiikandamiza ndege kwa kasi kuliko inavyoweza kupanda. Ndege hazikuvuka. Hakuna ushujaa wa kuziba pengo la namna hiyo.

Tarehe 19 Machi ndege zote 8 ziliondoka Columbus saa kumi na moja jioni, wakati mbovu kabisa wa kuanza safari ya kilomita zipatazo 150 juu ya nchi isiyo na ramani nzuri wala taa. Moja ilirudi kwa hitilafu ya injini, nyingine zikatua njiani, nyingine zikapoteana gizani, na moja ikavunjika. Usiku wa kwanza tu, kikosi kilikuwa kimemeguka.

Kisha rafadha, yaani mapanga yanayozunguka mbele ya ndege na kuivuta. Zilikuwa za mbao, tabaka juu ya tabaka zilizogandishwa kwa gundi katika viwanda vya mashariki vyenye hewa ya unyevu. Katika ukavu wa jangwa, mbao ilipoteza maji, tabaka zikasinyaa kwa viwango tofauti, gundi ikaachia, na rafadha inayozunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika ikaanza kufumuka. Mafundi walichofanya ni hiki: baada ya kila safari rafadha ilifunguliwa na kuwekwa ndani ya sanduku lililotunzwa unyevu, ikafungwa tena kabla tu ya kuruka. Baadaye wakaanza kutengeneza rafadha zao wenyewe pale Columbus kwa mbao zilizokwisha kuzoea hewa ya huko. Ndiyo kazi ya Foulois ilivyokuwa: mambo ya gundi na sanduku, ambayo hakuna gazeti lililoyaandika.

Siku tatu tu baada ya usiku ule aliomba ndege 10 mpya zenye nguvu zaidi. Hakuzipata kwa wakati. Kufikia tarehe 20 Aprili zilibaki 2 zinazoweza kuruka, zikarudishwa Columbus na kutangazwa hazifai tena. Malalamiko ya marubani yalipochapishwa katika gazeti la New York World, aliyekasirika alikuwa Waziri wa Vita, Newton Baker. Jina hilo litarudi.

Wanaoutazama msafara ule kwa jicho kali husema ulishindwa, na ni kweli: Villa hakukamatwa, na ndege hazikuchangia kumtafuta kwa kiasi kilichotarajiwa. Lakini kutoka katikati ya Machi hadi katikati ya Agosti kikosi kilifanya safari 540, zaidi ya kilomita 31,000, nyingi zikiwa za kupeleka maagizo kati ya safu za Pershing zilizokuwa hazina simu wala barabara. Hakuna hata mtu mmoja wa kikosi aliyekufa angani. Na mwezi Agosti Bunge lilitoa zaidi ya dola milioni 13 kwa ajili ya ndege za jeshi, kiasi ambacho mwaka mmoja nyuma kingechekesha watu.

Hapo ndipo naona somo alilolibeba Foulois lilipomkaa. Mara mbili alipewa vifaa visivyotosha. Mara mbili alisema ndiyo. Mara mbili kushindwa kwa vifaa kulisema Bungeni kwa sauti kuliko ripoti yoyote, na bei ilikuwa mbao na chuma zaidi kuliko damu. Mtu aliyepanda kwa njia hiyo, bila marafiki wa West Point na bila ulimi wa Mitchell, angejifunza kukataa wapi?

Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nitaipita haraka. Baada ya kusaidia kuandaa mpango wa ndege wa dola milioni 640 uliopitishwa na Bunge Julai 1917, alipelekwa huko akiwa brigedia jenerali kuongoza anga ya jeshi la Pershing, akaja na maafisa zaidi ya mia moja waliowakasirisha akina Mitchell waliotangulia. Ugomvi ukawa mkubwa kiasi kwamba Mei 1918 Pershing aliweka juu yao wote Mason Patrick, mhandisi ambaye hata kuruka hakujua. Juni, Foulois aliandika kuomba Mitchell arudishwe nyumbani. Kisha, mwishoni mwa Julai, baada ya kuiona kazi ya Mitchell kwenye mapigano, akamwomba Pershing amwondoe yeye mwenyewe na cheo chake apewe Mitchell. Wanaomwita mtu wa vyeo wanapaswa kulieleza hilo. Mitchell hakuwahi kumfanyia lolote la kufanana nalo.

Sasa turudi 1934, na tuanze na wanaomlaumu, maana hoja yao si nyepesi.

Foulois alikuwa mkuu wa kikosi cha anga tangu Desemba 1931. Kwa hiyo hali ya marubani na ndege aliyoikabidhi Posta ilikuwa imekuwa mikononi mwake kwa miaka miwili na zaidi. Jeshi lilipanga marubani 262. Kati yao, 31 tu ndio waliokuwa na saa 50 au zaidi za kuruka usiku. Waliokuwa na saa 50 za kuruka kwa kutegemea vipimo, bila kuona nje, walikuwa 2. Wawili, kati ya 262! Zaidi ya nusu walikuwa maafisa vijana wa akiba wenye uzoefu wa chini ya miaka miwili. Wenye saa nyingi, walimu wa vyuo vya urubani, waliachwa huko huko vyuoni.

Namba ile ya 2 inahitaji kuelezwa kwa asiyewahi kukaa kwenye kiti cha rubani. Mtu akiingia mawinguni usiku, sikio la ndani, ambalo ndilo linalompa mizani, huanza kumdanganya ndani ya dakika moja au mbili. Ndege ikiinama polepole upande mmoja, majimaji ya sikio hayaioni zamu hiyo, naye anahisi yuko sawasawa. Pua inashuka, mwendo unaongezeka, rubani anavuta usukani ili apande, na kwa kuwa ndege imelala ubavu, kuvuta huko kunakaza zamu badala ya kuinua pua. Anateremka kwa mzunguko unaobana mpaka chini, akiamini mpaka mwisho kwamba mwili wake unasema kweli. Dawa yake ilijulikana. Kuna upeo bandia unaomwonyesha mlalo wa ndege, na kuna jairo ya mwelekeo, kifaa chenye gurudumu linalozunguka kwa kasi, isiyoyumba kama dira ya sumaku inavyoyumba ndege ikikata kona. Lakini si kuvifunga tu. Rubani lazima azoezwe kuuamini mshale dhidi ya mwili wake, na hilo haliji kwa kuambiwa. Linataka saa nyingi chini ya pazia linalomzuia kuona nje, na mwalimu pembeni.

Na vifaa hivyo jeshi lilikuwa navyo. Hili ndilo linalomkaba Foulois kuliko siku kumi zenyewe. Orodha ya mali ilikuwa na jairo 274 za mwelekeo na upeo bandia 460, na chache sana kati ya hizo zilikuwa zimefungwa kwenye ndege. Zilikuwa stoo. Ujuzi nao ulikuwa wa nyumbani: William Ocker, afisa wa jeshi hilo hilo, alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1920, kwa kiti cha kuzunguka na boksi lililozibwa, jinsi hisia za mwili zinavyomdanganya rubani, na mtu wa kwanza kuruka na kutua bila kuona nje kabisa, Septemba 1929, alikuwa Luteni James Doolittle. Kwa hiyo mtu hawezi kusema Bunge ndilo lililonyima. Bunge lilinyima ndege mpya. Kuitoa jairo stoo na kuikaza kwa skrubu nne hakuhitaji Bunge.

Vifaa hivyo vilifungwa katika siku zile kumi, kwa haraka, palipokuwa na nafasi, mara nyingine rubani akilazimika kukunja shingo kuvitazama. Vingi vya zama zile viliendeshwa kwa hewa iliyovutwa na mrija uliofungwa nje ya ndege, na mrija ule ukiziba kwa barafu, jairo hulala. Redio zilikuwa 172, karibu zote zikifika kilomita 48 au chini yake, wakati njia za mashirika ya ndege ziliongozwa na vituo vya redio vilivyotengana mamia ya kilomita. Ndege za kivita za kiti kimoja aina ya P-12 ziliweza kubeba kilo 23 tu za barua, na mizigo ikipachikwa pasipopangiwa, uwiano wa ndege ulivurugika. Viti vilikuwa wazi, na Februari ile ilikuja na baridi, theluji na ukungu wa kupindukia. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya jeshi, Rickenbacker na Jack Frye walivuka Marekani nzima, kutoka California hadi Newark, kwa saa 13 ndani ya ndege mpya ya Douglas iliyofungwa vizuri, yenye injini mbili na redio kamili. Walifanya hivyo makusudi, na kila aliyesoma gazeti aliuelewa ujumbe.

Kuna lawama nyingine isiyotajwa sana. Waziri wa Posta, James Farley, alipendelea mikataba iachwe mpaka Juni, ili zabuni mpya zitangazwe kwanza. Angelisema Foulois kwamba anahitaji miezi miwili, pendekezo la Farley lingepata nguvu. Siku kumi zililiua. Na alijibu peke yake, kabla ya kushauriana na Jenerali MacArthur, Mnadhimu Mkuu, ambaye habari zilimfikia kwa mdomo wa mwandishi wa gazeti.

Basi, anayemtetea atasema nini?

Kwanza, atazame Mei 1931. Foulois, akiwa msaidizi wa mkuu, aliongoza mazoezi ya ndege zaidi ya 650 zilizokusanywa kutoka kila pembe ya nchi zikaruka kwa pamoja juu ya miji ya mashariki, bila kupoteza hata rubani mmoja. Alipewa tuzo ya Mackay kwa kazi hiyo. Usomaji wangu ni kwamba hapo ndipo hesabu ya siku kumi ilipotoka: kama unaweza kuhamisha ndege 650, kuzilisha mafuta, kuzitengenezea na kuzirudisha, utashindwaje kubeba mifuko ya barua? Kosa lake ni kwamba yale yalikuwa mazoezi ya mchana, hali ya hewa njema, ndege zikifuatana bega kwa bega. Yalipima uwezo wa kupanga. Hayakupima uwezo wa rubani mmoja aliye peke yake saa nane usiku juu ya milima. Jeshi zima lilikuwa likijizoeza kwa vita vya mchana, na bajeti za mdororo wa uchumi zilikuwa zimekwisha kula saa za kuruka.

Pili, hesabu ya vifo. Hapa nakaa na takwimu ambayo magazeti ya 1934 hayakuitaka. Katika miaka ya kawaida iliyotangulia, kikosi kile kilipoteza kwa ajali watu wapatao 50 kwa mwaka. Vifo vile 12 au 13 vilitokea ndani ya miezi mitatu na nusu, na baadhi yake si vya safari za barua bali vya mazoezi na kuhamisha ndege. Mtu akigawa 50 kwa miezi 12, atapata zaidi ya vifo 4 kwa mwezi: katika kipindi kama hicho, jeshi lingetarajia kuzika watu 14 au 15 hata kama barua zingebaki kwa mashirika. Bila shaka hesabu hii ina tundu. Si kikosi kizima kilichobeba barua, kwa hiyo kwa waliobeba hatari ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Lakini inatuambia jambo ambalo ghadhabu ya mwaka ule ililificha: marubani walikuwa wakifa kwa sababu zile zile muda wote, mmoja mmoja, katika vituo vya mbali, na hakuna Rais aliyemwita jenerali ofisini kuhusu hilo.

Tarehe 10 Machi Roosevelt aliwaita Foulois na MacArthur na kuwafokea. Safari zikasimamishwa mpaka tarehe 19, naye Foulois akapunguza njia, akaondoa ndege zisizofaa na kuzuia wasio na uzoefu wasiruke usiku. Vifo vikapungua sana baada ya hapo. Mtetezi hulitaja hilo kama sifa. Mimi naliona linakata pande mbili, kwa sababu hatua zile zingeweza kuchukuliwa Februari.

Kisha ikaja tume ya uchunguzi, na mwenyekiti wake akawa Newton Baker, yule yule wa 1916. Foulois alikuwa mjumbe, akatia sahihi. Julai 1934 tume ilikataa jeshi huru la anga, lakini ilipendekeza ndege zaidi, saa zaidi za kuruka, mafunzo ya kweli ya usiku na ya kutegemea vipimo, na kamandi moja ya kivita kwa ndege zote za mapigano. Kamandi hiyo ilianza Machi 1935 chini ya Frank Andrews. Mambo haya Foulois alikuwa ameyaomba kwa miaka mingi. Agosti 1934 ofisi yake ikatoa masharti ya ndege kubwa ya mabomu, na kiwanda cha Boeing kikajibu kwa ndege ya injini nne iliyoruka mara ya kwanza Julai 1935. Dunia iliijua baadaye kwa jina B-17.

Yeye mwenyewe hakudumu kuiona ikipokelewa. Kamati ndogo ya Bunge chini ya William Rogers wa New Hampshire ilimtuhumu kwamba amenunua ndege kwa mikataba ya maelewano badala ya zabuni za wazi, na kwamba amelidanganya Bunge. Ikataka aondolewe. Uchunguzi wa mkaguzi mkuu wa jeshi, 1935, haukumkuta na hatia ya kuvunja sheria ya manunuzi, ila ulimkuta ametoa kauli zilizotiwa chumvi dhidi ya wakubwa wa makao makuu. Akapewa karipio la maandishi, akastaafu mwishoni mwa Desemba 1935. Manunuzi ya maelewano yalikuwa njia ambayo jeshi lilikuwa limeizoea kabla yake, kwa sababu ndege bora haipatikani kwa kumpa kazi mwenye bei ya chini kabisa. Kwa hili nadhani alibebeshwa gunia la misumari lisilokuwa lake.

Lakini kwa zile jairo 274, gunia ni lake. Mtu aliyejua mwaka 1916 kwamba rafadha hutunzwa kwenye unyevu, na aliyejifungia mkanda wa ngozi kwa mikono yake mwaka 1910, hakuwa mgeni wa vitu vidogo vinavyoua marubani. Miaka ishirini baadaye alikuwa nyuma ya meza Washington, akipigania mamilioni ya kesho na kamandi huru, na vile vitu vidogo vilikuwa vimepakiwa kwenye masanduku bila yeye kuuliza viko wapi. Ningemsamehe siku kumi, kwa kuwa alizijibu kama alivyojibu maisha yake yote. Miezi ishirini na sita kati ya Desemba 1931 na Februari 1934, akiwa na mamlaka kamili ya kuamuru vifaa vifungwe na marubani wafundishwe kuvitumia, ndiyo ambayo hata rafiki yake mkubwa hawezi kuieleza.

Alifariki 25 Aprili 1967, akiwa na umri wa miaka 87, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa ikijiandaa kwenda mwezini.